Mabeseni Yenye Doa

Siku ya mazishi yake tulisomewa kwamba alipenda watu wote. Nilikuwa nimekaa safu ya pili kutoka mbele, na nusura nisimame nipinge. Hakupenda watu wote. Kuna watu aliowachukia kwa moyo wake mzima, na baadhi yao ndio waliokuwa wakipokezana kipaza sauti. Tulisomewa alikozaliwa, tukasomewa ukoo wa babake mpaka babu wa nne, shule, ndoa, watoto, wajukuu, kisha tukaambiwa alikuwa mtu mpole. Mpole! Nikawatazama waombolezaji wenzangu nikaona wengi wameinamisha macho.

Kwa hiyo mambo ya kuzaliwa na ukoo nawaachia waliochapisha kile kijitabu cha mazishi. Mimi nitaandika ninayoyajua. Nilimjua kwa miaka kumi na tisa, tangu nilipoolewa katika kijiji hiki cha upande wa Marani, na katika miaka hiyo yote sikumwita kwa jina hata siku moja. Hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Mama Shemasi. Katika kanisa letu la Sabato ndiye aliyekuwa mkuu wa mashemasi wa kike, mwenye kutunza vitambaa vya meza, mkate usiotiwa chachu, taulo na mabeseni ya kutawadhana miguu. Ndiye pia aliyejua ni nyumba gani haikuwasha moto jana. Hata alipovuliwa ushemasi tuliendelea kumwita hivyo, kwa sababu ulimi ulikuwa umeshazoea.

Kazi yangu mimi ni ualimu wa shule ya msingi, na kanisani ni karani. Nataka msomaji alijue hilo mapema. Uamuzi uliomvua ushemasi uliandikwa kwa mkono wangu, kwa mwandiko wangu mzuri unaosifiwa.

Ekegusii alikitumia kwa maombi, kwa ng'ombe wake na kwa wagonjwa. Sisi wazima alitugombeza kwa Kiswahili. Alisema ukimgombeza mtu kwa lugha ya nyumbani anadhani unambembeleza, lakini ukimgeuzia Kiswahili anasimama wima kama aliyeitwa na askari. Kiswahili chenyewe hakikuwa cha vitabuni. Alisimama wakati wa matangazo, mkono kiunoni, akasema, "Nyumba tatu haijakula tangu Jumatano. Na nyinyi mnaimba vizuri sana leo. Hiyo sauti inatoka kwa tumbo imeshiba." Kisha akakaa. Mchungaji mgeni aliyekuja kuhubiri kuhusu amani ya moyo alibaki na Biblia yake mkononi asijue aanzie wapi.

Alikuwa na neno moja aliloliogopesha kanisa zima nalo, na neno hilo ni pembe. Katika sheria ya Musa mkulima ameambiwa asivune pembe za shamba lake, awaachie maskini na wageni. Sisi tumelisikia somo hilo tangu utotoni, na tumefundishwa vizuri kwamba siku hizi maana yake ni ya kiroho. Mama Shemasi hakutaka habari ya kiroho. Kwake pembe ilikuwa pembe, mahali ambapo ua mmoja unakutana na mwingine.

Anayetoka kwingine hawezi kujua kiasi cha ujasiri kinachohitajika kusema hivyo huku kwetu. Mashamba yetu yamegawanywa kutoka kwa babu hadi baba hadi mwana mpaka mtu akikohoa kwake jirani anaitikia. Chai mistari michache, migomba nyuma ya nyumba, mahindi mpaka kwenye kizingiti cha mlango. Ndugu wa tumbo moja wanapelekana kwa chifu kwa ajili ya upana wa jembe. Sasa mtu kama huyo unakwenda kumwambia aache pembe.

Alianza na mwalimu mkuu mstaafu, mwenye chai iliyotunzwa kuliko zote. Mzee yule alimsikiliza kwa heshima, akamwambia, "Mama Shemasi, shamba yangu ni ndogo sana. Hakuna pembe ya kupeana."

"Ata shamba ndogo iko na pembe," akajibu. "Hesabu. Ni nne. Mimi naomba moja."

Mzee alicheka. Yeye hakucheka. Wiki iliyofuata alikwenda na jembe, akalima kile kipande cha kona ambacho chai haikufika, akapanda mboga ya chinsaga, kisha akamwita mjane mmoja wa ng'ambo ya kijito akamwonyesha njia ya kupitia bila kukanyaga chai ya mtu. Walipelekana kwa chifu. Chifu, ambaye naye alikuwa na shamba na aliogopa kesi hiyo isije ikamfikia nyumbani, aliwaambia wakaelewane. Ile pembe ipo mpaka leo, na mwenyewe huwaonyesha wageni kana kwamba lilikuwa wazo lake.

Ijumaa asubuhi, siku ya maandalio, wanawake walipokuwa wakishuka na ndizi kwenda soko la Marani, walimkuta amesimama njia panda na panga. Alikata chana moja kwa kila mkungu. Hakuomba. Aliyelalamika alikatwa chana kubwa zaidi. Kulikuwa na wanawake waliojua njia nyingine ndefu ya kupita nyuma ya kiwanda cha kusaga mahindi, na mimi ni mmoja wao. Nilipita huko kwa mwaka mzima na mzigo kichwani, nikiona bora kuumia shingo kuliko kukutana na panga lile.

Mtu akisoma haya anaweza kudhani basi kwa maskini alikuwa laini. Wapi. Aliwagombeza wao kuliko sisi. Aliyepewa mahindi aliambiwa arudishe gunia kesho yake, limekung'utwa. Aliyeanza kumshukuru alikatwa kauli, na Mungu akitajwa kwa jina lake la Ekegusii: "Asante peleka kwa Nyasae, mimi nirudishie gunia yangu." Kulikuwa na mzee mmoja aliyepewa blanketi na kikundi cha Dorkasi, yaani wanawake wanaoshughulikia misaada kanisani, akaliuza akanywa chang'aa. Mama Shemasi alimfuata mpaka kwenye kibanda cha pombe mchana kweupe, na kofia yake ya Sabato kichwani, akalivua blanketi mabegani mwa aliyelinunua. Tulidhani yule mzee hatapata tena hata kitambaa. Msimu wa baridi uliofuata akampa lingine, akawa anakwenda kulikagua kila Jumatano.

Na alikuwa na unafiki wake, sitamfichia. Kanisa letu linatukataza majani ya chai, ingawa nusu yetu ndiyo tunayolima. Mama Shemasi alifundisha somo hilo kwa ukali, akatupigia mfano wa mishipa ya kichwa. Siku moja nilimwendea bila hodi nikamkuta na kikombe cha chai ya rangi, nyeusi tititi, sukari vijiko vinne. Hakukificha. Aliniambia, "Funga mlango, Mwalimu. Ama ukae nikumiminie." Nilikaa. Tangu siku hiyo tulikuwa marafiki wa namna fulani, ule urafiki wa watu walioshikana kosa.

Mjini Kisii kulikuwa na mwenye duka Mwislamu, muuza vyombo vya plastiki, ambaye kila mara alimpa kitu cha kupeleka kwa wenye shida: ndoo zilizopasuka kidogo, shuka, mara moja gunia zima la viatu. Mama Shemasi alitangaza habari zake kanisani mbele ya wazee, jambo ambalo halikuwafurahisha. "Yule mtu anatoa kwa sababu Mungu amemwambia atoe," alisema. "Haulizi kama anasikia huruma. Nyinyi mnangoja roho iwaguse kwanza. Na roho yenu inagusa polepole sana." Mzee wa kanisa, yaani kiongozi wetu pale mchungaji asipokuwepo, alinong'ona kwamba mama huyu atatuhamisha dini. Lakini nadhani hapo ndipo alipolisema lake lote. Aliona huruma ni kama mvua ya huku, inakuja inapotaka. Wajibu ni kitu kingine. Ng'ombe hukamuliwa hata siku ambayo humpendi.

Sasa nifike kwa Gesare.

Gesare alikuwa bibi kizee aliyeishi peke yake karibu na kijito, mume amefariki, watoto wawili wamefariki, wa tatu alikwenda Nairobi hakurudi. Miguu yake ilikuwa imeliwa na funza. Anayejua funza anajua. Asiyejua na aelewe kwamba ni mdudu mdogo wa vumbini anayeingia chini ya ngozi akataga mayai, na akiachwa watakuja wengine, mpaka kidole kinakosa umbo. Gesare alitembea kwa visigino, kisha kwa magoti, kisha akaacha kutembea. Dawa ipo, na haina ajabu yoyote. Ni maji, sabuni, dawa ya zambarau ya zahanati, na sakafu isiyo na vumbi.

Lakini kijiji kilikuwa kimeshatoa hukumu. Ilisemwa ni emuma, laana ya kiapo cha uongo. Zamani marehemu mumewe aliapa mbele ya wazee katika kesi ya mpaka, na walioshindwa walisema aliapa uongo. Watoto walipokufa watu wakatikisa vichwa. Miguu ilipoharibika wakasema mnaona. Hata sisi tunaokaa kanisani kila Sabato, tunaosema mambo ya kiapo ni ya mababu, hatukuingia ua ule. Mimi nilipita hapo kila siku nikienda shuleni. Nilisema bwakire, salamu yetu ya asubuhi, kutoka barabarani, nikaongeza hatua.

Mama Shemasi aliingia kwa sababu hakuona moshi. Akatoka, akaenda zahanati akapewa dawa na maelezo, na kwa kuwa Gesare hakuwa na chombo hata kimoja cha kutosha miguu miwili, alifungua kabati la kanisa akachukua mabeseni. Ile dawa ikitiwa majini inakuwa zambarau, na ikikaa kwenye chombo cheupe inaacha doa la kahawia lisilotoka kwa sabuni wala kwa mchanga. Kwa wiki sita aliloweka miguu ile. Mabeseni manane meupe, yanayotumika mara nne tu kwa mwaka, yakageuka rangi ya matope.

Hapa lazima nieleze yanatumika vipi. Kabla ya Meza ya Bwana huwa tunatawadhana miguu, wanaume chumba chao na wanawake chumba chao, kwa kumfuata Bwana aliyewaosha wanafunzi wake. Unapiga magoti, unamwosha mwenzako, unamfuta, anakuosha nawe, mnakumbatiana. Na sasa nitasema jambo ambalo kila mmoja wetu analijua na halijawahi kusemwa mimbarani. Ile miguu huwa tumeshaiosha nyumbani. Tunaisugua kwa jiwe Ijumaa jioni, tunakata kucha, tunapaka mafuta. Mwenzi wa kuoshana naye tunamteua mapema, na ni rafiki. Kwa miaka yote niliyokuwa nimeshiriki huduma ile ya unyenyekevu sikuwa nimeondoa tone la uchafu kwenye mguu wa mtu yeyote.

Sabato ya Meza ya Bwana iliyofuata wiki hizo sita tuliingia chumba cha wanawake tukakuta mabeseni yamepangwa sakafuni, maji ya moto yanatoa mvuke, na yote yana doa. Kwenye benchi alikuwa amekaa Gesare. Alikuwa amevikwa gauni safi, leso mpya kiunoni, na miguu yake ilikuwa wazi. Vidonda vilikuwa vinafunga. Vidole viwili havikuwa na kucha. Mama Shemasi alisimama kando yake akiwa na taulo begani.

"Muuguzi amesema haiambukizi mguu kwa mguu," alisema. "Inatoka kwa vumbi. Sasa mwenye anataka kutawadhana leo, aanzie hapa."

Tulikuwa wanawake kama thelathini. Hakuna aliyesogea. Mmoja nyuma yangu alisema neno emuma kwa sauti ya chini. Mwingine akasema afadhali angetuambia mapema tujitayarishe. Rafiki yangu, yule niliyekuwa nimeteuana naye, alinivuta mkono wa gauni. Gesare alikuwa akijaribu kuifunika miguu kwa leso, na alikuwa akisema kwa Ekegusii, yaya, yaya, yaani hapana, niacheni niende nyumbani.

Mtu alikwenda kumwita mzee wa kanisa. Alikuja akasimama mlangoni, kwa kuwa mwanamume haingii chumba kile, akatazama mabeseni moja baada ya jingine. "Mama Shemasi," akauliza, "mabeseni ya Bwana umeyafanya nini?"

"Nimeosha miguu nayo," akamjibu. "Kwani wewe ulifikiri ni ya nini?"

Kisha akapiga magoti akamwosha Gesare peke yake, polepole, kidole kwa kidole, na sisi thelathini tukatazama. Mimi sikuosha. Nataka hilo nalo liandikwe, kwa mwandiko ule ule mzuri. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwenye benchi, sikuwa nimeshikwa na mtu isipokuwa kwa mkono wa gauni, na sikuosha.

Nitasema pia kwamba alikosea. Alimwanika Gesare mbele yetu ili atutie aibu sisi, na aibu yote ikamwangukia Gesare. Nilimwambia hivyo baadaye, nikitegemea anifokee. Akasema, "Hiyo ni kweli. Nilimbeba kama fimbo. Yeye nimemuomba msamaha. Nyinyi sijawaomba."

Kamati ya kanisa ilikaa Jumapili. Hoja ilikuwa mabeseni. Mzee wa kanisa alisema vyombo vitakatifu vimenajisiwa, mwingine akasema utaratibu haukufuatwa, wa tatu akasema tumpende mama yetu lakini tumpumzishe. Ikaamuliwa apumzishwe ushemasi na mabeseni mapya yanunuliwe. Niliandika. Alipoulizwa kama ana la kusema, hakuwatazama wao, alinitazama mimi.

"Andika vizuri, Mwalimu," alisema. "Andika ya kwamba wote waliuliza beseni. Hakuna mwenye aliuliza miguu."

Sikuandika. Nilijiambia kwamba kumbukumbu za kamati ni za maamuzi, maneno mengine hayaingii. Ndiyo maana nayaandika leo.

Tulichotegemea sote, na hapa ndipo ninapocheka ninapokumbuka, ni kwamba angeendelea kumhudumia Gesare kimyakimya. Tungesikitika kidogo, tungemsifu kidogo, na mambo yangekuwa yamekwisha. Mtakatifu mmoja analitosha kanisa dogo. Badala yake alinijia nyumbani kesho yake, gambuti zimejaa tope, akaweka daftari mezani kwangu.

"Andika zamu," akasema. "Watu wawili wawili. Jumanne na Ijumaa."

Nikamwambia watu watakataa, na kwamba bila yeye hakuna anayeweza kazi ile.

"Ndiyo maana," akasema. "Mimi nikienda peke yangu, kanisa itasema iko na mtu wa hiyo kazi. Mimi si mtu wa hiyo kazi. Nyasae hakuambia mimi, aliambia sisi."

"Na kwa nini wawili?"

"Mtu moja anachoka, ama anasifiwa. Yote mbili ni mbaya. Wakiwa wawili wanaoneana haya."

Niliandika majina bila kumwuliza yeyote. Yeye alikuwa akienda na wenye zamu, na mwenye zamu asipotokea alikwenda kusimama kwenye lango lake. Hakutukana. Aliita jina, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye kituo cha kupimia majani ya chai, "Leo ni siku yako. Gesare anangoja." Akanyamaza, kisha akasema tena. Watu walitoka. Walitoka wamenuna, wengine na sabuni mkononi tayari, kwa sababu ni afadhali kuosha miguu ya mtu mwingine kuliko kutangazwa hivyo siku ya kuuza chai. Rafiki yangu aliyenivuta gauni alitapika siku ya kwanza. Siku ya nne nilimsikia akimsimulia Gesare habari za mkwewe, na Gesare akicheka.

Mama Shemasi aliwaita pia majirani kwa desturi ya zamani ya risaga, ile ya kusaidiana kazi kwa siku moja bila malipo zaidi ya chakula. Wakaja wanaume kumi na wawili, wakamwaga sakafu ya simenti. Baadhi yao walikuwa wa ukoo ule ulioshindwa katika kesi ya mpaka. Sijui waliambiwa nini, na sijathubutu kuuliza. Kabla ya mwaka kwisha Gesare alitembea mpaka sokoni akiwa amevaa viatu, polepole, akiegemea fimbo, na watu wa soko walimpisha kama mgeni wa serikali.

Ningependa kuishia hapo. Wale waliosoma historia yake mazishini waliishia hapo, na wakasema "kanisa lilisimama naye". Lakini zile zamu zilidumu miaka miwili tu. Mama Shemasi alipata kiharusi akiwa shambani, upande wa kushoto ukafa, na bintiye aliyeolewa Magwagwa akaja kumchukua. Ukiondoa mtu wa kusimama langoni, wawili wakawa mmoja, na mmoja akawa "nitaenda kesho". Mimi nilikwenda peke yangu kwa muda, nikajiona mtu mwema sana. Kisha mitihani ikaja, nikasahihisha karatasi, nikapitisha wiki, nikapitisha nyingine. Simenti ilikuwa imepasuka na vumbi limerudi, nilikuwa nimeiona. Kama zamu hizo leo ziko hai, na ziko hai, zilifufukia Magwagwa, mbele yangu mimi, na sikujivunia jinsi zilivyofufuka.

Kanisa lilikuwa limepata mchungaji mpya, akasikia habari, akataka jambo lile lirekebishwe. Kamati ikakaa, ikaamua Mama Shemasi arudishiwe ushemasi kwa heshima. Niliandika barua yenyewe, nikatumwa kuipeleka. Nilichukua mkate, sukari na leso nzuri, nikafika Magwagwa kabla ya adhuhuri.

Nilimkuta ameketi kwenye kiti nje ya mlango wa bintiye, mto umewekwa ubavuni kumzuia asiiname. Uso ulikuwa umevutwa upande mmoja. Maneno yalimtoka kwa shida lakini yalikuwa yake yale yale. Nilimsalimu, nikampa habari za kijiji, nikamsomea barua yote mpaka saini. Nilisoma vizuri. Nilikuwa nimengoja kwa muda mrefu kumpelekea kitu.

Aliniacha nimalize. "Gesare ako aje?"

"Yuko, Mama."

"Najua ako. Nimeuliza ako aje."

Nikamwambia. Nilikuwa nimemwona kwa mbali, akitembea kwa visigino.

"Nani alienda wiki hii?"

"Hakuna."

"Na ile ingine?"

"Hakuna, Mama."

Alikuwa ameishika ile barua kwa mkono wake mzima. Aliikunja mara mbili juu ya paja, akanirudishia. Hakuonekana amekasirika, na hilo liliniumiza zaidi ya kufokewa. Nilianza kulia. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitakwenda mimi. Nitakwenda kesho, na kila Jumanne na kila Ijumaa, shule ifunguliwe ama ifungwe, namwapia Mungu nitakwenda mimi mwenyewe. Nilisema kwa moyo wangu wote. Nilitaka aniwekee mkono kichwani.

"Sikuuliza wewe," akasema. "Wewe na nani?"

Nilipitisha majina kichwani, rafiki yangu, wale wa Dorkasi, wake wa walimu wenzangu. Kila mmoja nilijua angekubali mara moja, kwa ajili yangu, na kuacha baada ya mwezi kwa ajili yangu. Yeye alikuwa akinitazama kwa jicho lile lililobaki na nguvu. Bintiye alitoka na chai, akaona tulivyokaa, akarudi ndani nayo.

"Mzee wa kanisa," nikasema mwishowe. "Aliyesimama mlangoni siku ile."

Nusu ya uso wake iliyoweza kucheka ilicheka.

"Huyo atakataa."

"Atakataa, Mama."

"Basi anza na yeye," akasema, akaninyooshea kidole njia ya kurudi Marani.